Pazi Aliyewangoja Wachina

Enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa inakaribia Morogoro, Mwanaasha alilima peke yake mlimani Uluguru. Mwanawe Pazi alishinda barazani na kanzu yake safi, akiitazama njia ya bondeni.

Alikuwa anawangoja Wachina.

Pazi alikulia kazini, kwenye mashamba ya Wajerumani huko Tanga, pamoja na vibarua wa Kichina. Lugha yao akaijua barabara. Aliporudi nyumbani akasikia eti Wachina wataletwa kujenga reli. Basi mkalimani awe nani kama si yeye? Jembe akaliweka chini. Vijana wakamwita Bwana Mchina, naye akaitika.

Reli ikafika. Pazi akateremka mbio mpaka kambini. Wageni aliowakuta ni Wahindi na Wagiriki. Akawaamkia kwa Kichina, wakacheka mpaka wakakaa chini. Msimamizi akamwambia hakuna Mchina atakayekuja.

Akarudi, akalala uso ukutani. Mvua zikapita. Ghalani wakabaki panya tu. Mwanaasha akawa anachemsha majani matupu, mwili ukimwisha.

Siku moja akaja Bernadeta, jirani aliyekuwa akipeleka vyakula kambini.

“Shikamoo, mama,” Pazi akasema, bila kugeuka.

“Marahaba. Lugha unaijua, mwanangu, hilo hatubishi. Lakini kabla ya kuliacha jembe, uliuliza ni nani hapa anayeihitaji?”

Pazi akageuka, akaketi.

“Na hao Wachina mlikuwa mkizungumza nini siku zote?”

“Mboga. Mzee wao mmoja alilima mboga za kambi. Alinifundisha kukinga maji, kuinua matuta, kuozesha samadi.”

“Alaa! Wapishi wa reli wananisumbua kila kiangazi wanataka mboga, nami sina. Kichina chenyewe hakina mnunuzi hapa. Uliyojifunza kwa Kichina yanaye.”

Pazi akainua matuta kando ya kijito. Kiangazi kilipoingia, mboga zake zilikuwa mbichi, na wapishi walizipandia mlima. Chungu cha Mwanaasha kikapata unga na maharage.

Ila Kichina hakikupata wa kusema naye. Mwanaasha alimsikia Pazi akikinong'ona peke yake mitaroni, na maneno yakizidi kupungua. Ilimuuma. Asubuhi moja akamwambia, “Hebu nifundishe wanavyoitikia salamu.”

Tangu hapo, kila Pazi alipofika shambani, alimwamkia mama yake kwa Kichina. Mama, ameinama palizini, aliitikia kwa ulimi mzito. Pazi hakumsahihisha.