Waliosikiliza Mabomba

Mlinzi wa duka la vitambaa alikutwa asubuhi akielea kwenye stoo ya chini, tochi bado imefungwa mkononi. Bomba kuu la barabarani lilikuwa limepasuka, maji yakaubana mlango, naye hakupata pa kutokea.

"Ajali, afande," alisema konstebo.

Inspekta alishuka kwenye chemba ya bomba nje ya duka. Mahali pa kihisi, kile kidude kinachopeleka habari za bomba kwenye kompyuta, palikuwa patupu. Nati nne zilikuwa zimepangwa pembeni, safi.

"Mwizi wa vyuma chakavu hapangi nati," alisema. "Huyu anaijua kazi."

Kwenye chumba cha mitambo cha kampuni ya maji, mhandisi kijana alimwonyesha ramani yenye taa za kijani, kila taa kihisi kimoja. Saba zilikuwa zimezimika mwezi huo.

"Kabla ya vihisi, nani alitafuta mivujo?"

"Mzee Sikio. Anasimika fimbo ya chuma barabarani, anaweka sikio. Alikuwa na binti yake, kibarua." Kijana alicheka. "Siku hizi jiji linajisikiliza lenyewe, afande."

"Na jana lilikuwa limelala?"

Kijana alivuta karatasi, akamwandikia anakoishi mzee.

Nyumbani kwa Mzee Sikio, vihisi saba vilikuwa vimetandazwa mezani. Mzee alipoona sare tu, akasimama.

"Ni mimi. Nilivitoa mimi. Twende."

Inspekta aligeukia dirisha, akampa mgongo.

"Ulitumia spana namba ngapi, mzee?"

Kimya.

"Mzee, nyumba inaungua!"

Mzee aliendelea kumtazama kisogo, akisubiri kwa adabu.

"Mwache baba," alisema binti yake kutoka mlangoni. "Hasikii, mwaka wa nne sasa. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza. Nikisikia, namgusa bega, yeye anawaambia, 'Chimbeni hapa.'"

"Mbona hukuomba kazi kwa jina lako?"

"Nimuumbue? Mainjinia walikuwa wanamsubiri yeye aseme! Tangu tupunguzwe kazini hajavuka kizingiti. Kila asubuhi anavaa buti za kazi, anakaa kitandani. Nikavitoa vihisi, nikasema, mabomba yakivuja kompyuta isijue, watamwita. Hata mara moja tu."

"Na lile la dukani?"

"Nililisikia likilia wiki mbili. Nilidhani litavuja, afande. Sikudhani litapasuka."

"Mlinzi ameacha watoto watatu."

"Namjua. Tukichimba pale, alikuwa akituletea viti."

Inspekta alimfunga pingu. Mzee akaruka.

"Unakosea mtu! Nimesema ni mimi!"

"Amekiri mwenyewe, mzee. Atajibu mahakamani kwa kifo cha mlinzi."

Mzee aliitazama midomo ile, hakuambulia kitu. Akamgeukia binti yake, kama alivyozoea.

"Mwanangu, amesema nini?"

Binti alimgusa bega kwa mikono iliyofungwa, akasogea usoni kwake ili aione midomo yake vizuri.

"Wametuita kazini, baba. Leo nakwenda peke yangu."