Kompyuta Iliyowekwa Ndani

Lusia akikaanga vitumbua, harufu inafika mpaka kwangu. Siwezi kuvumilia. Ninabeba kikombe changu cha chai na kuvuka ua. Mumewe, Faustino, huwa ameshatangulia jikoni.

"Shemeji, umekuja kutusalimia au kula?" huniuliza.

"Yote mawili," humjibu. "Kwani umekaanga wewe?"

Mimi naitwa Konsolata. Ni jirani yao. Tunaishi vilimani, juu ya Mingoyo. Tunalima ufuta, korosho na muhogo. Lusia alikuwa wa kwanza darasani alipomaliza la saba. Sekondari hakwenda, kwa sababu baba yake hakuwa na uwezo. Lakini kusoma hakuacha. Hata gazeti lililofungiwa dagaa, Lusia hulikunjua akalisoma lote.

Asubuhi moja gari la halmashauri lilipanda kilima. Lilibeba boksi kubwa na sola. Kompyuta! Jamani, siku ile hakuna aliyekwenda shamba. Watoto walikimbia nyuma ya gari. Akina mama tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Mwenyekiti wetu wa kijiji ni Mzee Klementi. Ni mtu mwema, na mali ya umma anaitunza kama mboni ya jicho lake. Aliiweka kompyuta katika chumba cha ofisi ya kijiji. Akaifunika kwa kanga mpya ya mkewe. Akafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Mzee, na sisi tutaigusa lini?" Lusia alimuuliza.

"Kuigusa? Ikiharibika utailipa wewe? Hii ni mali ya serikali, mwanangu."

Sisi wanawake tulianza kumtania. Kwetu, binti akivunja ungo anawekwa ndani. Anaitwa mwali. Hatoki nje, wala wapita njia hawamwoni. Basi na kompyuta tukaiita mwali. Ukipita ofisini unauliza, "Mwali hajambo?" Mwenzako anakujibu, "Hajambo, amenenepa vumbi." Tunacheka, tunaendelea na safari. Miezi ikapita. Tulidhani kuiweka ndani ndiyo kuiheshimu.

Mwezi wa Juni ukafika, msimu wa kuvuna ufuta. Watu wengi walihamia mashambani. Ndipo Bibi Agnes alipokuja kwa pikipiki. Yeye ni afisa maendeleo ya jamii, nasi humwita Bibi Maendeleo.

"Shikamoo mzee," alimwambia mwenyekiti. "Nimekuja kuona kompyuta. Nani anaitumia?"

"Marahaba, mama. Hakuna aliyeigusa!" Mzee Klementi alijibu kwa fahari. "Iko mpya vilevile kama mlivyoileta."

Bibi Agnes alishika kiuno. "Mzee wangu, hiyo si sifa!"

Tulikaa naye kwenye mkeka, nje kwa Lusia. Akatueleza.

"Fungu lililonunua kompyuta ni fedha ya umma. Limetoka kwenye kodi zetu. Ukinunua sabuni, umelipa kodi. Ukiuza ufuta, ushuru wake nao unaingia."

"Kumbe hata mimi nimechangia?" Lusia aliuliza.

"Umechangia, tena sana! Sasa sikilizeni. Fungu hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kununua vifaa. Hiyo imetumika. Sehemu ya pili ni ya kufundisha watu. Hiyo bado ipo halmashauri, inawasubiri ninyi."

"Inatusubiri tufanye nini?" Mzee Klementi aliuliza.

"Mchague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Watafundishwa Lindi kwa wiki mbili. Nauli, chakula na malazi vimo ndani ya fungu. Hawatoi hata senti. Wakirudi, watawafundisha wenzao bure. Lakini mwenyekiti hawezi kuwachagua peke yake, wala mimi siwezi. Wanachaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka kumi na minane au zaidi ana haki ya kuja na kuinua mkono."

"Na tusipochagua?" niliuliza mimi.

"Mwaka wa fedha wa serikali unaisha mwisho wa mwezi huu. Fedha isiyotumika itarudi ilikotoka. Na kompyuta itahamishiwa kijiji kingine, kwa watu watakaoitumia."

Lo! Mzee Klementi alishika ule ufunguo wake. "Mimi nilijua mafunzo yatatufuata huku huku," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi Agnes alipoondoka, Lusia alinishika mkono.

"Dada Konso, nataka kwenda mimi. Sekondari ilinipita. Na hii nayo inipite?"

Faustino alisikia. "Wiki mbili nzima? Ufuta nani atakata? Mke wangu akalale Lindi, watu watasemaje?"

Nilipandwa na hasira. "Watu! Hao watu ndio wanaokulimia? Ufuta nitakusaidia kukata mimi, shemeji. Tena nakata haraka kuliko wewe!"

Faustino alichukua mundu wake, akaenda shamba.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Mbiu ikapigwa kijijini. Walikuja wazee na wagonjwa tu. Bibi Agnes, aliyekuwa amerudi kwa kazi hiyo, alitikisa kichwa.

"Hawa hawatoshi kuamua kwa niaba ya kijiji," alisema. "Wengine watakuja kulalamika kwamba hawakuitwa, na watakuwa na haki. Tujaribu tena Jumamosi. Baada ya hapo hakuna siku nyingine."

Lusia aliondoka analia. Njiani tulikutana na Mama Romana. Yeye ndiye kungwi wetu, anayewafunda mabinti wa kijiji hiki. Lusia akamsimulia yote.

"Unalia nini sasa?" Mama Romana alisema. "Mbiu ya mwenyekiti haifiki mashambani. Ngoma yangu inafika."

Jumamosi asubuhi ngoma zikalia. Ulikuwa ule mlio wa kumtoa mwali nje, na kwa mlio ule hakai mtu! Kutoka kila shamba watu waliteremka mbio. Wanawake walijifunga kanga zao nzuri. Wanaume walikuja na mundu mkononi, majani ya ufuta yamewaganda nguoni. Uwanja wa ofisi ukajaa tele.

"Anatoka mwali wa nani?" watu waliuliza.

"Wa kijiji!" Mama Romana alijibu.

Evaristo, mkulima mwenye shamba kubwa, alifoka. "Mmetutoa shambani kwa uongo! Hapa ni mkutano tu!"

"Uongo uko wapi? Ngoma inaita watu. Imekuita, umekuja." Mama Romana aliwageukia wanawake. "Jamani, mwali tunamweka ndani ili iweje?"

"Afundwe!" tuliitikia.

"Na huyu aliyemo ofisini, nani anamfunda?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mama Romana aliinua mkono, tukanyamaza.

"Msicheke. Kompyuta inaijua kazi yake tangu ilikotoka. Wanaotakiwa kufundwa ni sisi! Mafunzo yetu yapo Lindi, yamelipiwa kwa kodi zetu wenyewe, na sisi tumekaa tunalinda mlango!"

Kicheko kilikwisha. Mzee Klementi alivua ufunguo shingoni mbele ya watu wote, akaufungua mlango wazi.

Bibi Agnes alieleza upya habari ya fungu. Akaomba majina. Kwa upande wa wanaume, wengi walimtaja Dominick, fundi wa baiskeli. Kwa upande wa wanawake, nilisimama mimi.

"Lusia!" nilisema.

"Lusia!" sauti zikaitikia kila upande.

Halafu watu wote wakamtazama Faustino. Lusia aliinamisha kichwa. Faustino alisimama polepole.

"Mimi nilimkatalia," alisema. "Niliogopa maneno ya watu. Sasa watu wote mko hapa, na ninyi wenyewe mnamtaka. Basi aende."

Vigelegele! Hata mimi niliyekuwa nimemnunia nilimkumbatia shemeji yangu hadharani. Mikono ikainuka, Lusia na Dominick wakapita.

Ufuta nilimsaidia kukata, kama nilivyoahidi. Lusia na Dominick waliporudi kutoka Lindi, chumba cha ofisi kikawa darasa. Wakulima walikuja kuulizia mtandaoni bei ya ufuta katika masoko mengine. Mnunuzi akituambia bei imeshuka, tulimwambia, "Ngoja kwanza tuangalie." Wanunuzi wengi walipandisha wenyewe kabla hatujaangalia! Vijana waliandika barua za kuomba kazi. Mapato na matumizi ya kijiji yalichapwa na kubandikwa ukutani, kila mtu akayasoma. Mzee Klementi alipochapa jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, alipiga kelele hadi watu wakadhani ameumwa na nyoka.

Mwaka uliofuata, tena msimu wa ufuta, Bibi Agnes alikuja na habari mpya. Safari hii hatukuhitaji ngoma. Uwanja ulijaa mapema.

"Kijiji chenu kimepata fungu la mashine ya kukamua mafuta ya ufuta," alisema.

Tulishangilia, tukacheza. Lakini Faustino alikuwa amesimama, mkono juu, anasubiri tunyamaze.

"Bibi Maendeleo, tunashukuru kwa mashine," alisema. "Lakini hujatuambia la mafunzo. Nani atafundishwa kuiendesha, na fedha yake iko wapi?"

Bibi Agnes alicheka mpaka akafuta machozi. "Ipo, baba. Nilikuwa ndiyo nafika hapo."

Evaristo alitazama jua. "Tuchague siku nyingine," alisema. "Ufuta wetu umekauka, unapukutika shambani."

"Wangu nao unapukutika," Faustino alimjibu. "Lakini hapa tusiondoke mpaka tumewachagua."

Na hakuna aliyeondoka.