Kumi kwa Kumi za Bure

Kila siku kabla ya mapumziko, Mwalimu Kahiga alifunga kitabu chake cha Kiingereza na kutangaza, "Badilishaneni vitabu!" Katika shule yetu ya Landless, mjini Thika, kila mwanafunzi husahihisha kazi ya mwenzake wa dawati huku mwalimu akisoma majibu. Mwenzangu alikuwa Waruguru, na sisi wawili tulikuwa na mpango wetu.

Swali gumu tuliliruka na kuacha mstari mtupu. Mwalimu aliposoma jibu, Waruguru alinijazia, nami nikamjazia yeye, kisha tiki. Hata biro tulinunua za wino mmoja. Tulijiona wajanja kwelikweli.

Ndipo ikaja mada ya active na passive. Mwalimu alieleza kwamba sentensi moja humtanguliza mtendaji, na nyingine humtanguliza aliyetendwa. Mimi niliona maneno yakihamahama tu, na vijineno kama was na by vikichomoza nisijue vimetoka wapi. Kwa wiki nne sikuelewa hata chembe. Kwa wiki nne nilipata kumi kwa kumi.

Jumatano moja mwalimu alifungua daftari la alama. "Jumamosi kuna shindano la sarufi ya Kiingereza kule Ruiru. Kila shule itatoa mwanafunzi mmoja wa Gredi ya Sita, ajibu maswali ubaoni mbele ya watu. Kavindu, ni wewe."

Darasa lilipiga makofi. Mimi nilikitia kitabu cha Kiingereza mkobani.

Jioni nilikaa mezani na kitabu. Sentensi ya kwanza ilisema, The goat ate the cabbage. Nikaigeuza: The cabbage ate the goat. Hata mimi nilijua kabichi haili mbuzi! Nikakata, nikaandika tena, nikakata hadi ukurasa ukachafuka wote. Nilimkasirikia mbuzi, nikaikasirikia kabichi, nikawakasirikia Waingereza wote.

Mama, ambaye huuza mboga sokoni, aliingia akitabasamu. "Mwalimu wako amenipigia simu, nami nimewaambia wote sokoni kwamba binti yangu anaenda Ruiru. Hata Mama Mwanzia amesema atakuombea." Nilitaka kulia.

Kesho yake nilimwambia Waruguru kwamba nitasema ukweli.

"Wee Kavindu, usijaribu! Utatuchomea. Enda tu, ukishindwa sema uliogopa watu. Hiyo ni aibu ya five minutes tu."

Aibu yenyewe ilikuwa yangu, si yake! Nilienda moja kwa moja hadi ofisi ya walimu.

"Mwalimu, zile alama si zangu. Nilikuwa najaziwa majibu. Passive siijui kabisa."

Mwalimu Kahiga alichukua kalamu na kulikata jina langu kwenye fomu ya shindano. Ruiru alienda Mwau wa darasa letu, ambaye alizoea kupata sita au saba. Nyumbani nilipomweleza Mama, hakunisemesha jioni nzima. Hilo liliniuma kuliko lolote.

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana, Mwalimu aliniita. "Mbuzi akila kabichi ya mama yako, mama atalalamika vipi?"

"Atasema, 'Kabichi yangu imeliwa!'"

"Imeliwa na nani?"

"Na mbuzi."

"Basi passive ndiyo hiyo. Umeisema tangu utotoni. Sasa tuone Kiingereza huisema vipi."

Usidhani mambo yalinyooka papo hapo. Nilikosea, nikakosea tena, nikatupa kalamu chini, nikaiokota. Waruguru alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikiri naye kwa Mwalimu na kuketi kando yangu.

Ijumaa Mwalimu alitupa maswali kumi, akasahihisha mwenyewe. Nilipata saba.

"Saba tu!" nililalamika. "Baada ya taabu yote hii!"

"Sikiliza, Kavindu," alisema Mwalimu. "Tatu ulizokosa zinanionyesha mahali pa kukusaidia. Zile kumi za bure hazikunionyesha kitu. Wiki nne nilipita kando ya dawati lako nikaenda kuwasaidia wengine, kwa sababu wewe ulijifanya unajua. Ulidhani unanidanganya mimi, kumbe ulikuwa unajinyima mwalimu. Anayeficha asichokijua hawezi kufundishwa. Haya, ni wapi umekwama?"

Niliweka kidole kwenye swali la nne.

"Hapa, Mwalimu. Hapa sielewi."