Lenzi Ndani ya Ndoo ya Mchele

Nyumbani kwa kina Kokushubila, pale Tabata, Ijumaa haikuwa siku ya michezo. Akishavua sare za shule na kula, Koku aliketi sebuleni na anko wake Theonest, mdogo wa mama yake, kuandaa vifaa vya kupigia picha za sherehe ya kesho yake. Kazi ya Koku ilikuwa kuchaji betri, kukunja nyaya na kupangusa mabegi. Kamera yenyewe hakuruhusiwa kuigusa. Jambo hilo lilimkera sana, maana alijiona ameshakuwa fundi.

Ijumaa hiyo ilikuwa na uzito wake. Anko Theonest alikuwa amenunua lenzi mpya, fupi na nene, yenye mdomo mpana unaokusanya mwanga hata mahali penye giza. Kesho yake ingefanya kazi kwa mara ya kwanza kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa Mama Jenipher kabla ya harusi yake. Na Mama Jenipher si mtu wa mchezo. Nusu ya kamati za sherehe za mtaa ule mwenyekiti ni yeye, na akimsifu mtu, mtu huyo hakosi kazi.

"Akiridhika yeye, tumefika," alisema Anko Theonest. "Akinuna, itabidi nirudi Bukoba nikalime migomba. Mie naenda kunyoa. Usiguse kitu, Koku."

"Sawa, anko," Koku alijibu, na wakati huo alimaanisha kweli.

Anko hajafika mbali, akaingia Sekela, jirani yao, ambaye pia walisoma naye darasa moja. Aliitazama lenzi, akaguna.

"Ndiyo hii mnayoisema kila siku? Mbona kama kopo la maziwa?"

"Hiyo inafuta vitu vyote vya nyuma, inabaki sura yako tu," Koku alisema kwa hasira.

"Maneno matupu hayavunji mfupa. Nionyeshe."

Hapo ndipo Koku alipoteleza. Waliibeba kamera hadi uani, Sekela akasimama mbele ya kamba ya nguo, Koku akabonyeza. Wote wawili waliduwaa. Sura ya Sekela ilitoka safi, kope moja moja, na kanga zilizoanikwa nyuma yake ziligeuka rangi laini zilizochanganyikana. Wakapiga nyingine, na nyingine tena. Walinogewa hata hawakuliona wingu, na mvua ya Dar haina hodi. Walipokimbilia ndani, kioo cha lenzi kilikuwa kimejaa matone, na mengine yalikuwa yakichuruzika kwenye kamera.

"Tia kwenye mchele," Sekela alisema haraka. "Simu ya dada iliingia maji, tukaifukia kwenye mchele ikapona."

Nani mtaani asiyeijua dawa hiyo? Koku aliitoa lenzi kwenye kamera, akavifukia vyote viwili katika ndoo ya mchele ya mama yake. Alichosahau ni kwamba mchele wa gengeni una vumbi lake jeupe, jepesi kama poda. Tena kamera za kisasa za aina ile, ndogo na nyepesi, hazina kioo cha kukinga ndani. Ukishaitoa lenzi, jicho la kamera linalopokea picha liko wazi pale pale mdomoni.

Baada ya muda walivitoa, wakavifunga pamoja na kupiga picha ya ukuta mweupe. Picha ilijaa madoa meusi, utadhani nzi wametua ukutani. Wakapiga tena. Madoa yalikuwa pale pale.

Koku aliizima kamera upesi.

"Rudisha kwenye begi, unyamaze," Sekela alinong'ona. "Akija kuona kesho, atajua kauziwa feki."

Koku akairudisha kwenye begi.

Jioni waliketi kula ndizi kwa maharage. Anko Theonest alirudi kichwa kiking'aa, furaha imemjaa. Alimweleza dada yake, Mama Koku, kuhusu kile kipengele ambapo bibi harusi huwapita wageni meza kwa meza kumtafuta bwana harusi aliyefichwa kati yao.

"Kile hakirudiwi, dada. Ukikosa pale, umekosa milele. Kwa lenzi hii sikosi."

Koku alimpenda anko wake, na sasa alimwona akiielekea aibu huku anacheka. Akaweka kijiko chini.

"Anko, nimeiharibu kamera. Niliichukua bila ruhusa, ikanyeshewa, nikaiweka kwenye mchele."

Anko hakufoka, na hilo lilimtisha Koku zaidi. Alinawa mikono, akaleta begi, akafungua kamera na kuimulika ndani kwa tochi ya simu.

"Uliifuta ndani kwa kitambaa?"

"Hapana."

"Ulipuliza kwa mdomo?"

"Hapana, anko."

Akashusha pumzi. "Basi tuna bahati. Ungefuta, ungekwangua. Ungepuliza, mate yangeganda. Hili ni vumbi kavu, tutapambana nalo asubuhi."

"Na mchele wangu?" aliuliza mama. "Kesho utaupepeta wote, punje kwa punje."

Asubuhi walifunga madirisha. Anko aliinamisha kamera, mdomo ukitazama chini, akaminya mpira mdogo unaotoa upepo hadi vumbi likaanza kuanguka. Lililogoma aliliondoa kwa kijiti maalumu chenye ncha laini. Koku alishika taa bila kutikisika, mkono ukimuuma. Walipiga picha ya ukuta, wakasafisha, wakapiga tena, mpaka jua likawa kali nje. Mwishowe ukuta ukatoka mweupe kabisa.

"Adhabu yako ya mchele iko palepale," alisema Anko Theonest. "Lakini leo utakuja nami. Nahitaji mtu wa kushika taa."

Ukumbi wa Ubungo ulipambwa ukapambika. Wageni walikula, wakacheza, kisha mshereheshaji akamwita bibi harusi akamtafute mwenzake. Binti alianza kupita meza kwa meza na mpambe wake, akitikisa kichwa kila akikosa, watu wakimcheka. Alikuwa katikati ya ukumbi umeme ulipokatika.

Muziki ulizima. Kipaza sauti kilizima. Jenereta nalo likakataa kuwaka, na binti wa watu akabaki amesimama gizani.

"Inua taa, Koku," Anko alisema polepole. "Juu kidogo. Usinimulike mie."

Koku aliinua ile taa ya betri. Wageni wakaona, wakawasha tochi za simu zao mmoja baada ya mwingine. Katika mwanga ule mdogo bibi harusi alimwona bwana harusi akiwa amejibanza nyuma ya wajomba zake. Akaangua kicheko, akamshika mkono. Vigelegele vikapasua ukumbi, na Anko Theonest hakuacha kubonyeza.

Umeme uliporudi, Mama Jenipher alikuja mbio, kitenge kimemkaa upande.

"Shikamoo, mama," Koku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Theonest, niambie umepata. Simu zetu zote zimetoa giza tu."

Anko alimpa kamera. Akamkuzia picha hadi sura ya binti ikajaa kwenye kioo: meno, kicheko, chozi dogo chini ya jicho, na nyuma yake mianga ya simu ikiwa duara za dhahabu. Hapakuwa na doa hata moja. Mama Jenipher alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akamkumbatia Anko mbele ya kamati yake nzima.

"Mwezi ujao nina harusi mbili," alisema. "Mpiga picha nimeshampata."

Koku alitaka kuruka. Waliposogea pembeni, anko wake alimwinamia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jana ungenyamaza, saa hizi picha hii ingekuwa na madoa usoni mwa bibi harusi, na mie ningekuwa natafuta mlango wa kutokea. Kosa ukilisema mapema, lina dawa. Kusema ukweli kulikuwa kugumu?"

"Kulikuwa kugumu, anko."

"Ndiyo maana nakuheshimu. Sasa siku nyingine ukitamani kupiga picha, utafanya nini?"

"Nitaomba."

"Basi omba."

Koku alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Anko, naomba kamera."

Anko Theonest aliuvua mkanda shingoni mwake, akamvalisha.