Sarafu Isiyo na Uso

Asubuhi hiyo wanja ulikataa kushika. Bi Nurjahan alipitisha kijiti kwenye nyusi, akapitisha tena, na kila alipojitazama kiooni aliona ngozi tupu, laini, kana kwamba nyusi hazikuwahi kuota pale. Alimwita Getruda, mpishi wake, amwangalie. Getruda akamsogeza dirishani, akamshika kidevu, akasema labda ni sabuni. Siku hizi sabuni za dukani, ukibahatika kuzipata, zinababua. Wakacheka kidogo, wakarudi kuchambua mchele.

Jivraj, mumewe, hakuona kitu. Si kwamba hakumpenda mkewe. Alimpenda, na Tabora nzima ilijua. Ila alikuwa amemwolea mke mwenza wa shaba. Kazi yake ilikuwa usonara, pete na vipini, katika duka lililo mbele ya nyumba. Akipata upenyo tu, hujifungia chumba cha nyuma na sarafu zake za kale. Mgiriki mmoja aliyekuwa akilima tumbaku alimwachia boksi zima alipoondoka nchini, na kabla ya hapo alikuwa amemfundisha kuzitambua. Hii yenye bundi ni ya Athene. Hii yenye herufi kubwa ya M mgongoni ni ya Rumi ya mashariki, na upande wa pili atakuwapo mfalme, amekaza macho, taji lake lina mapambo yanayoning'inia hadi masikioni. Jivraj akanogewa. Sarafu ambayo hajajua ni ya mfalme gani ilimnyima raha mpaka aijue.

Sasa sikia alichofanya. Ulikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini, watu wa misitu ya Sikonge wakitolewa kwenye maskani zao na kupangwa kando ya barabara. Masolwa, mrina asali wa huko, alikuja dukani na donge la nta ya nyuki. Ndani ya nta, alisema, mna sarafu iliyoachwa na watu wa misafara ya zamani, na katika sarafu anakaa jini. Mama yake, Kashindye, ndiye aliyekuwa akiitunza chini ya mti wao, imelazwa kifudifudi, akiifunika kwa nta mpya kila msimu wa asali. Sasa wamehamishwa, mti uko mbali na mama miguu haimbebi. Akamwomba sonara aiyeyushe pamoja na nta yake, bila kuifungua.

"Uso wake ulishafutika, mzee," Masolwa alisema polepole. "Anatafuta mwingine. Usimtazame."

Jivraj alikubali kwa heshima zote. Akaingia nyuma, akakata nta kwa kisu ili achungulie tu, na mgongoni mwa sarafu akaona M kubwa. Kuyeyusha kitu cha miaka elfu na zaidi? Hata kwa dawa. Akatafuta koki mbovu ya shaba, akaiyeyusha badala yake, na Masolwa akaondoka na kidonge cha koki akiamini kwao wamepona. Huo ndio ubaya wa mwenye kujua kitu kimoja tu. Anadhani dunia nzima iko ndani ya kile anachokijua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Jivraj aliinama kwelikweli. Aliisugua sarafu kwa ukwaju kama asafishavyo vyombo vya shaba. Upande wa mbele ulikuwa umelika wote, hauna jicho wala pua. Kesho yake, kwenye ule ulaini, palikuwa na nyusi.

Alidhani ni kazi ya ukwaju. Zikafuata pua na midomo, naye kwa furaha akasahau hata kula, akawa anapekua kitabu cha Mgiriki akilinganisha wafalme. Na kila mchana, mji ukiwa umezubaa kwa joto, Getruda alisikia kutoka chumba cha nyuma mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesaga kitu juu ya jiwe, na harufu ya nta inayoungua ikapenya chini ya mlango. Akisukuma mlango anakuta hakuna mtu, Jivraj yuko dukani na mteja, na mezani iko ile sarafu peke yake, imemwelekea yeye.

Bi Nurjahan alikuwa ameacha kutoka nje. Alijitanda mtandio mpaka machoni hata akiwa jikoni. Daktari alisema ni ngozi, akampa mafuta ya kupaka. Lakini pua ilikuwa ikishuka, midomo ikipoteza kingo zake, na maneno yakaanza kumtoka yamebanana.

"Mwambie wewe," alimnong'oneza Getruda. "Mimi naona aibu anitazame."

Getruda alikwenda. "Baba," alisema, "acha hicho kitu, umtazame mama."

Jivraj akajibu anakuja. Hakuinua kichwa. Kioo cha kukuzia kilikuwa jichoni, maana siku hiyo mapambo ya taji yalikuwa yamejitokeza. Akayaangalia: tone kubwa na vitone vidogo chini yake, na kimoja kimepinda kidogo. Hakuna mfalme wa Rumi aliyepata kuvaa kile. Ile ilikuwa herini aliyoifua yeye mwenyewe kwa ajili ya harusi yake, na ilipinda kwa sababu bwana harusi alikuwa na haraka.

Alikimbilia jikoni, akamfunua mkewe mtandio bila kuomba ruhusa, na alichokiona kikamkalisha sakafuni, kwa kuwa zile herini zilikuwa zinaning'inia mahali pake, ila katikati yake palikuwa pamelika kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi mno, macho yamebaki michirizi miwili, mdomo mkunjo tu, na kutoka kwenye ule mkunjo ilitoka sauti ya mkewe, nyembamba, ikimuuliza kama amekuwa mbaya sana.

Alilia. Alimpakia garini, Getruda akampakata nyuma, wakashika barabara ya Sikonge, vumbi likiingia kila mahali, na njia nzima ule mkwaruzo uliwafuata kutoka kwenye sarafu iliyokuwa mfukoni mwa Jivraj, taratibu, bila kupumzika, mpaka Getruda akawa anasali kwa sauti ili asiusikie.

Kashindye, mama yake Masolwa, walimkuta mbele ya kibanda chake kipya. Masolwa alimtazama Jivraj mara moja, akaelewa, akageuza uso pembeni.

"Nitaiyeyusha sasa hivi, mama," Jivraj alisema. "Hapahapa."

"Ukiiyeyusha sasa, unamyeyusha mkeo," Kashindye alisema. "Wewe ulimtazama, naye jini amekwisha kula uso wa umpendaye. Atautapika akipewa mwingine, na aupewe kwa hiari."

"Mwingine wa nani?"

Kikongwe akainjika chungu cha nta motoni.

Jivraj hakuwa shujaa, msije mkamsifu bure. Aliogopa hata meno yakagongana. Lakini alimketisha mkewe kwenye mkeka, akaketi mbele yake, akaitoa sarafu, akaitazama kama alivyozoea kuitazama, ila safari hii hakutafuta jina. Na yale macho ya shaba, macho ya Nurjahan, yakajifumba, kisha yakafumbuka yakiwa si ya Nurjahan tena, na mkwaruzo ukahama, ukaingia mashavuni mwa Jivraj, mifupani, ukisaga, naye akazidi kukaza macho huku anaitikia ndiyo, ndiyo, chukua, mpaka sauti yake yenyewe ikazibika, na Kashindye akainua chungu akaimwagia sarafu nta ya moto, ikatulia.

Getruda akamfunua Bi Nurjahan mtandio, akaanza kulia kwa furaha. Pua ilikuwapo. Midomo ilikuwapo. Nyusi zilikuwapo, nyeusi, na macho yake yakafumbuka taratibu kwenye mwanga wa jua, yakamtafuta mumewe.

"Jivraj," alisema kwa upole, "mbona umenipa mgongo?"

Naye alikuwa amemkabili, magoti yao yakigusana.