Vitu Arobaini na Vitatu

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwagilia maua ya baba. Sisi watu wa mji wa Sa Dec tunaotesha maua kwenye vyungu vinavyokaa juu ya chanja, na maji yametanda chini yake, kwa hiyo unarudi nyumbani umeloa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kazi ya pili ilikuwa kavu na rahisi: kuwasha kompyuta ya sebuleni na kumjibu Bibi.

Bibi aliuliza swali lilelile kila siku, akiwa jikoni. "Duyen, leo tuna mgeni?"

Mgeni wa Bibi hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alimaanisha wafu wetu. Kila mmoja ana siku yake, ile aliyofariki kwa hesabu ya mwezi mwandamo, na siku hiyo hupikiwa chakula alichokipenda, kikawekwa mbele ya picha yake, kisha sisi wazima tukakimaliza. Babu alizikusanya siku za watu thelathini na sita wa ukoo wetu. Daftari lake lilipoharibiwa na mafuriko, Luc, baba yangu mdogo, alimtengenezea programu ndogo ya kuzitunza. Kompyuta ikiwaka tu, ukurasa wa kijani ulifunguka wenyewe na kutuambia mgeni wa leo ni nani. Babu naye alifariki miaka mitatu baadaye, akaingia kwenye orodha yake mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kompyuta ile ilianza visa. Ikawa nzito. Matangazo ya dawa za kupunguza tumbo yakawa yanajifungua yenyewe, na Bibi akataka kujua ni nani aliyeenda kusema kwamba ana tumbo. Baba akaamua kwamba kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kompyuta shuleni, mimi ndiye nitakayeisafisha. Nilikubali kwa maringo. Shuleni tulikuwa tumefika kwenye kuchora mistatili.

Jioni hiyo nilifungua programu ya kukinga virusi, nikabofya palipoandikwa "Kagua", nikakaa nikila mapera kwa chumvi na pilipili. Pera la pili lilipokwisha, jibu likatokea: vitu arobaini na vitatu vimepatikana.

Arobaini na vitatu! Nilidhani kompyuta yetu ni maiti. Majina yenyewe yalikuwa kama paka amepita juu ya kibodi, na kila jina lilikuwa na vitufe vitatu mbele yake: weka karantini, futa, ruhusu. Sikujua tofauti ya kuweka karantini na kufuta. Sikujua kwa nini vitu arobaini na kimoja vilikuwa na alama ya kijivu, kimoja ya njano na kimoja nyekundu. Nilisoma orodha mara tatu, na kila mara nilielewa kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Kile cha njano kiliitwa AL36. Maelezo yake yalisema kinatiliwa shaka, mtengenezaji wake hajulikani, na kinajiwasha chenyewe kila kompyuta inapowaka. Nikasema moyoni, mwizi ndiye huyu. Kinajiwasha chenyewe, kimeombwa na nani?

Kile chekundu nilikijua, na hapo ndipo lazima niseme ukweli. Wiki tatu kabla ya hapo nilipakua programu ya kupata vito vya bure kwenye mchezo ninaoupenda. Maelekezo yake yalinitaka nizime kinga ya kompyuta kwanza, nami nikaizima, kisha nikaiwasha tena na kunyamaza. Vito vilikuja kweli, mia mbili. Sasa mbele ya jina lake paliandikwa "hatari kubwa". Nilijiambia kwamba mashine imekosea, kwamba nyekundu ni rangi tu, na kwamba kitu nilichokileta mwenyewe hakiwezi kuwa kirusi. Kwa kweli niliogopa kwamba kikiondoka, vito vitaondoka nacho.

Basi nikabofya "ruhusu" kwenye chekundu. Vingine vyote nikaviweka karantini, kwa sababu tu kitufe hicho kilikuwa cha kwanza. Wakati wa chakula nilitangaza kwamba kompyuta imepona, na baba akaniongezea kipande cha samaki.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, niliwasha kompyuta. Tangazo la tumbo likafunguka. Ukurasa wa kijani haukufunguka.

"Duyen, leo tuna mgeni?"

Niliizima na kuiwasha tena. Hakuna kitu. Nikajibu kwamba sijui, na Bibi akatoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi, kwa maana jibu hilo hakuwahi kulisikia. Hapo simu ya baba ikalia. Mteja wake mmoja wa maua alikuwa anauliza kwa nini baba amemtumia kiungo cha ajabu saa kumi na moja alfajiri. Akapiga wa pili, akapiga na wa tatu. Baba hakuwa ametuma chochote. Alikuwa kwenye chanja tangu alfajiri, na simu yake mfukoni.

Sikuelewa hata kidogo. Nimeondoa vitu arobaini na viwili, na kompyuta imezidi kuugua. Nikaona labda dawa haijakolea, labda vile vilivyo karantini bado vinapumua humo ndani. Kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kufuta vyote moja kwa moja. Kabla sijakibofya, nilimpigia baba mdogo Luc, anayefanya kazi mbali, nimuulize programu yake iko wapi.

Akauliza kama nimeona kitu kinachoitwa AL36.

"Nimekiondoa," nikasema. "Kilikuwa kinajiwasha chenyewe."

"Ndiyo kazi niliyokipa, mwanangu. Hiyo ndiyo kalenda ya Babu. Tarehe zote alizichapa humohumo, mimi sina nakala. Umeifuta au umeiweka karantini?"

"Karantini. Si ni kitu kilekile?"

"Si kitu kilekile. Kilichofutwa kimekwenda, kilicho karantini kimefungiwa tu na kinaweza kurudishwa. Toa mkono wako hapo. Usibofye tena chochote mpaka Bi Tham aje."

Bi Tham ndiye fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, na alisema atafika mchana. Nilikaa sakafuni karibu na Bibi kumsubiri, nikamuuliza kama yeye hazikumbuki hizo tarehe. Akasema anazikumbuka karibu zote. Alianza kuzihesabu kwa vidole, ya mama mkwe wake, ya kaka zake, ya Babu, kisha akakwama, ameshika kidole kilichofuata.

"Ya Sen siijui," alisema.

Sen alikuwa binti yake wa kwanza, aliyefariki akiwa na miezi minne. Siku hizo Bibi mwenyewe alikuwa na homa kali, hajui usiku wala mchana, na Babu ndiye aliyemzika mtoto. Bibi alipopata fahamu, hakuwa na nguvu ya kuuliza ni lini. Baadaye Babu akawa anamkumbusha kila mwaka, na baada ya Babu ikawa kompyuta.

"Najua ni mwezi huu wa saba," Bibi alisema. "Wengine wana watoto na wajukuu wa kuwakumbuka. Sen ana mimi tu."

Nilitaka kulia, nikaona sina haki hata ya kulia.

Bi Tham alifika kwa pikipiki, akavua viatu, na kabla ya kugusa kibodi akachomoa waya wa mtandao. Kisha akafungua orodha yangu na kuisoma taratibu, hata mistari midogo niliyoiruka. Vile vitu arobaini na kimoja vya kijivu, alisema, havikuwa virusi. Ni vidakuzi, alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta ili zikutambue ukirudi. Kuviondoa hakudhuru, lakini si ugonjwa. Alipofika kwenye chekundu, akaacha kusoma.

"Hiki nani kakiruhusu?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, na buti zake zinachuruzika maji. Ningeweza kusema sijui. Siku nzima nilikuwa nimesema sijui na kila mtu akaniamini. Lakini Bibi alikuwa ananitazama, bado ameshika kidole cha Sen.

"Mimi," nikasema. "Na ni mimi niliyekileta. Nilizima kinga ili kiingie. Nilikiacha kwa sababu ya vito."

Bi Tham akasema afadhali, maana kama nisingesema angehangaika siku mbili kutafuta kilipoingilia. Programu ile ilikuwa inaiba nywila, na kwa nywila ya baba ikawatumia wateja viungo vile.

Kazi ilichukua mchana wote. Alikifutia chekundu ruhusa, akakiweka karantini. Baba alibadilisha nywila zake zote kwenye simu, maana ukizichapa kwenye kompyuta yenye mwizi ni sawa na kumsomea mwizi. Kisha Bi Tham akaleta kinga mpya kabisa kwa flashi yake, akaikagua mashine yote upya, akaizima na kuiwasha, akaikagua tena. Safari hii hakikuonekana kitu. Mwisho akampigia baba mdogo Luc, wakalinganisha jina, ukubwa na siku ya kutengenezwa kwa AL36. Vilipolingana vyote, akairudisha hiyo peke yake.

Ukurasa wa kijani ukafunguka. Bibi hasomi bila miwani, kwa hiyo nilimsomea mimi. Sen, tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Ilikuwa kesho.

Bi Tham alinigeukia huku akikunja waya zake. "Orodha ile haikukudanganya, Duyen. Hukuisoma. Jina usilolijua ulilihukumu bila kuuliza, na unalolijua ukalitetea kwa sababu ni lako. Siku nyingine ukiona matokeo usiyoyaelewa, weka karantini, usifute, halafu mwambie mtu mzima kila kitu, hata kile unachokionea aibu. Hicho hasa."

"Umesikia?" baba aliniuliza.

"Nimesikia, baba."

Jioni ile niliwapigia wateja wa baba mmoja mmoja kuwaonya wasifungue kiungo na kuwaomba radhi. Mchezo niliufuta mwenyewe na vito vyake. Usiku Bi Tham alikuwa ameshaondoka, na nakala ya kalenda alituachia kwenye flashi, lakini Bibi alinipa daftari jipya, nami nikaandika kwa mkono majina yote thelathini na saba, na la Babu likiwemo. La Sen nililiandika kwanza.

Asubuhi nilimwagilia maua, nikarudi nimeloa, nikawasha kompyuta. Jikoni palikuwa kimya. Sufuria ya uji mtamu wa choroko ilikuwa tayari mekoni, na Bibi hakuuliza. Alikuwa amesimama akinisubiri.

"Bibi," nikasema, "leo tuna mgeni."