Karata Tatu za Rudi

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma cha duka la dobi, Reno, mji wa kasino. Vernon alichora mpango juu ya boksi la piza. Saa saba mwenye duka la rehani hufunga kwenda kula. Delmar afungue kasha la almasi. Vernon alinde mlango wa uchochoroni. Rudi akae kwenye usukani.

Wote watatu waliwahi kuishi kwa kuhesabu karata mezani ili kukisia zinazofuata, mpaka kasino zikawafukuza. Tabia ikabaki. Kila shaka hupewa namba kati ya mia. Karata mpya ikifunuliwa, namba hubadilika, na hakuna anayenuna.

Delmar alipotoka kununua betri, Rudi akasogeza kiti.

"Kikulacho ki nguoni mwako, bosi. Delmar anatuuza. Unampa ngapi?"

"Tano."

Tangu mke wa Vernon aondoke, ni Delmar tu aliyemgongea mlango kila Krismasi, na kuku wa kukaanga mkononi.

Rudi akadai amemwona akinong'ona na kachero. Thelathini. Akadai ana simu ya pili, anaificha. Hamsini. Tena jana ameulizia njia ya kukimbilia. Themanini. Vernon alijiona mtu wa haki: ushahidi ukija, akili isikaze shingo. Lakini moyo ulimuuma.

Saa saba na nusu. Ndani ya duka la rehani, kasha likaachia. Delmar akampa Vernon mfuko wa almasi.

"Tangulia, kaka. Nakusanya vifaa."

Vernon akatoka, akashusha komeo la nje. Msaliti abaki na polisi wake. Nyuma yake Delmar akagonga, taratibu, kama mtu anayedhani mwenzake amejisahau.

"Twende," Vernon akamwambia Rudi, akiingia garini.

Mitaa miwili, hakuna king'ora. Mitatu, kimya. Kama Delmar angewauza, polisi wangekuwa wamejaa uchochoroni. Namba ikaporomoka. Ndipo Vernon akazirudia karata. Yeye mwenyewe kachero hakumwona. Simu hakuiona. Karata zote tatu zilitoka mkono mmoja, naye amezihesabu kama tatu.

"Rudi. Wewe tulikupa ngapi?"

"Hukuuliza, bosi."

Gari likakata kona, likaingia uani kwa polisi. Bastola nne zilikuwa zikingoja.

Jioni polisi walimruhusu Vernon kupiga simu moja. Alishika mkono wa simu, kisha akaurudisha. Mtu pekee ambaye angempigia alikuwa benchi la pili, na pingu, amegeukia ukuta.